Mnyoo asiye na mdomo anayekula mifupa ya nyangumi

Na MWANDISHI WETU

UKISHAMALIZA nyama ya Jumapili, mifupa huenda wapi? Nyumbani kwako pengine hupewa mbwa, au hutupwa jaani. Kule mbugani kazi hiyo ni ya fisi, ambaye taya zake huvunja hata paja la nyati.

Lakini je, msomaji, umewahi kujiuliza ni nani anayekula mifupa ya nyangumi?

Swali hili si la mzaha. Nyangumi ni mnyama mkubwa kupita wote. Akifa katikati ya bahari, mzoga wake huzama polepole mpaka mahali ambapo jua halijawahi kufika, ukatua juu ya matope. Huko hakuna fisi wala tai. Papa wa kilindini na samaki wembamba wenye utelezi, mfano wa mikunga, huja na kumaliza nyama. Inabaki mifupa, mingine mirefu kuliko mtu mzima.

Kama mifupa hiyo isingeliwa na kitu, sakafu ya bahari ingekuwa makaburi ya wazi, maana nyangumi wamekuwa wakifa baharini kwa mamilioni ya miaka. Jibu lilikuja mwaka wa 2002, na lilikuja kwa bahati tu.

WALITAFUTA CHAZA, WAKAPATA MAAJABU

Katika pwani ya California, nchini Marekani, kuna bonde refu lililo chini ya maji liitwalo Monterey. Karibu na ufuo wa bonde hilo kuna taasisi ya utafiti wa bahari ijulikanayo kwa kifupi kama MBARI, iliyoanzishwa mwaka wa 1987 na tajiri David Packard, mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya kompyuta ya Hewlett-Packard.

Mwezi wa Februari 2002, wataalamu wa taasisi hiyo wakiongozwa na Robert Vrijenhoek walikuwa ndani ya meli yao, Western Flyer. Chini yao kabisa kilikuwa chombo kiitwacho Tiburon, neno la Kihispania lenye maana ya papa. Chombo hicho hakikuwa na mtu ndani. Kiliongozwa kutoka melini kwa waya mrefu, nacho kilipeleka juu picha za yale kilichoyaona.

Siku hiyo walikuwa wakitafuta chaza wa kilindini. Badala yake taa za Tiburon ziliangukia mzoga wa nyangumi wa kijivu, penye kina cha mita 2,891.

Ili uelewe kina hicho, hebu fikiria jumba la KICC la hapa Nairobi, ambalo lina urefu wa mita 105. Ungehitaji majumba 27 ya namna hiyo, moja juu ya jingine, na bado hungefika juu ya maji. Huko kuna giza totoro, baridi inayokaribia ile ya barafu, na uzito wa maji unaoweza kumponda binadamu mara moja.

Mifupa ya nyangumi yule ilikuwa kana kwamba imefunikwa kwa zulia jekundu. Waliposogeza kamera, wakaona kwamba lile zulia lilikuwa maelfu ya minyoo waliosimama wima, kila mmoja na manyoya mekundu kichwani, wakiyumbayumba majini kama nyasi katika upepo.

Mtaalamu mwenzao, Shana Goffredi, alianza kuwachunguza minyoo hao baada ya mifupa kupandishwa melini. Kadiri alivyoendelea, ndivyo mambo yalivyozidi kuwa magumu. Minyoo hao hawakuwa na macho. Hawakuwa na mdomo. Hawakuwa na tumbo wala utumbo, wala njia ya haja. Na bado walikuwa wamenona.

ANAKULAJE BILA MDOMO?

Kiumbe huyu ni mdogo. Wengi wao hawapiti urefu wa kidole cha mkono wako. Sehemu ya juu, ile yenye manyoya mekundu, hufanya kazi ya mapafu. Wekundu wake unatokana na hemoglobini, kitu kile kile kinachoifanya damu yako iwe nyekundu na kubeba hewa ya oksijeni.

Siri iko upande wa chini. Ukiupasua mfupa kwa uangalifu utakuta kwamba mnyoo ameotesha mizizi ndani yake, kama vile mmea unavyootesha mizizi katika udongo. Mizizi hiyo ya rangi ya kijani hutoa tindikali, yaani asidi, inayoyeyusha ule ugumu wa mfupa. Kisha hufyonza chakula kilichofichwa ndani.

Ndani ya mizizi kuna wapangaji pia. Ni bakteria wasiohesabika, ambao humsaidia mwenye nyumba kukitumia chakula hicho. Mnyoo hazaliwi na bakteria hao. Huwapata katika mazingira anapoanza kuishi juu ya mfupa.

Pengine utasema, “Mfupa ni kama jiwe, una chakula gani?” Mama yeyote aliyewahi kuchemsha supu ya mifupa anajua jibu. Supu hiyo ikipoa usiku, asubuhi utaikuta imeganda. Kinachoigandisha ni protini iitwayo kolajeni, ambayo imejaa tele ndani ya mifupa. Aidha, mifupa ya nyangumi ina mafuta mengi ajabu.

Watoto wanaweza kuyaona haya wenyewe nyumbani. Chukueni mfupa wa paja la kuku, muusafishe vizuri, kisha mtumbukize katika gilasi ya siki na kuifunika. Badilisheni siki kila baada ya siku 2 au 3. Baada ya wiki moja hivi utoeni, muuoshe na kujaribu kuukunja. Mfupa utapindika kama mpira!

Siki ni tindikali hafifu. Imeyeyusha kalisi, ambayo ndiyo inayoufanya mfupa uwe mgumu, na kuiacha kolajeni. Mmefanya nusu ya kazi ya mnyoo wa kilindini. Nusu nyingine, yaani kuila hiyo kolajeni bila mdomo, mwachieni yeye.

MADUME WAKO WAPI?

Vrijenhoek na Goffredi walimshirikisha Greg Rouse, bingwa wa minyoo ya baharini, ambaye wakati huo alikuwa katika jumba la makumbusho la South Australia. Hapo likazuka fumbo jingine. Kila mnyoo waliyemchunguza alikuwa jike. Wote walikuwa na mayai, na mayai hayo yalikuwa yamerutubishwa. Madume walikuwa wapi?

Walipotazama kwa hadubini, waliwakuta. Kila jike huishi ndani ya kijimfuko laini cha utelezi kinachouzunguka mwili wake. Ndani ya kijimfuko hicho kulikuwa na vidume vidogo sana, visivyoonekana kwa macho matupu. Jike mmoja aliweza kuwa na zaidi ya mia moja!

Vidume hivyo havikui. Hubaki na umbo la utotoni maisha yao yote. Havili mfupa wala kitu kingine. Huishi kwa ile akiba ya kiini cha yai vilivyozaliwa nayo, kazi yao ikiwa kutoa mbegu za kiume tu mpaka akiba iishe.

Wataalamu wanafikiri kwamba mtoto wa mnyoo huyu hazaliwi akiwa amekwisha kuwa wa kike au wa kiume. Akielea majini na kubahatika kutua juu ya mfupa, huwa jike. Akitua juu ya jike aliyetangulia, huwa dume.

Kabla hujacheka, fikiria maisha yalivyo huko. Mzoga wa nyangumi ni kama kisiwa kimoja katika jangwa pana. Kisiwa kikiisha, wote waliomo hufa. Ni lazima jike atoe mayai mengi na haraka, ili watoto wachache kati ya maelfu wakibahatishe kisiwa kingine. Mahali kama hapo, madume mia moja wakubwa wangemaliza chakula cha watoto wao wenyewe.

Lakini maumbile hayakosi kushangaza. Mwaka wa 2014, Rouse na wenzake walitangaza aina nyingine, Osedax priapus, ambayo madume wake ni wakubwa kama minyoo wengine, nao huotesha mizizi na kula mfupa wenyewe. Hao walikuwa wameiacha desturi ya jamaa zao na kurudia ile ya mababu wa kale.

JINA HUPATIKANAJE?

Yawezekana unafikiri kwamba kiumbe kipya akionekana, aliyemwona humpa jina papo hapo na mambo yamekwisha. Si hivyo. Tangu Februari 2002, minyoo wale walipoonekana, mpaka jina lao lilipotangazwa katika jarida la Science mwezi wa Julai 2004, ilipita zaidi ya miaka miwili ya kazi.

Kwanza ni kuwapata wakiwa wazima. Mfupa huokotwa kwa mkono wa chuma wa kile chombo, ukapandishwa juu na kuwekwa katika maji ya bahari yenye baridi.

Pili ni kumtoa mnyoo ndani ya mfupa. Ukimvuta, hukatika, na mizizi hubaki. Hivyo ni lazima mfupa uchongwe kidogo kidogo, kipande kwa kipande, mpaka mizizi ionekane. Kazi hii yataka subira ya fundi saa.

Tatu, baadhi ya minyoo huhifadhiwa katika dawa inayolinda umbo la mwili, na wengine katika spiriti ili DNA yao isiharibike. DNA ndiyo ile hati ya urithi inayotumiwa pia mahakamani kumtambua baba wa mtoto. Katika minyoo hii ni muhimu sana, kwa maana wawili wanaofanana kama mapacha wanaweza kuwa wa aina tofauti, na mkubwa na mdogo wasiofanana wakawa wa aina moja.

DNA ndiyo iliyofichua ukoo wao. Ilionyesha kwamba ni ndugu wa wale minyoo wakubwa wa mirija waliogunduliwa mwaka wa 1977 karibu na visiwa vya Galápagos, wanaoishi kando ya chemchemi za moto chini ya bahari. Hao nao hawana mdomo, na hutegemea bakteria.

Nne, mnyoo mmoja huteuliwa awe kielelezo, yaani shahidi wa jina. Huyo huwekwa katika jumba la makumbusho na kupewa nambari. Miaka mia moja ijayo, mtu akibishana kuhusu jina hilo, atakwenda kumtazama shahidi huyo. Hata katika makumbusho yetu ya taifa hapa Nairobi kuna mashahidi wa namna hiyo, wa wadudu na wanyama wa Afrika Mashariki.

Mwisho ni jina lenyewe na maelezo ya mwili, vyote vikichapishwa ili dunia nzima isome. Utaratibu wa majina mawili, la ukoo na la aina yenyewe, uliwekwa na Carl Linnaeus wa Sweden, na majina ya wanyama huhesabiwa kuanzia kitabu chake cha mwaka wa 1758.

Ukoo huu mpya uliitwa Osedax. Ni Kilatini: os ni mfupa, na edax ni mlafi. Mlafi wa mifupa! Aina mbili za kwanza ziliitwa Osedax rubiplumus, yaani mwenye manyoya mekundu, na Osedax frankpressi, kwa heshima ya Frank Press, mtaalamu wa matetemeko ya ardhi aliyekuwa mshauri wa kisayansi wa Rais Jimmy Carter.

Kumpa mtu mwingine heshima kunaruhusiwa. Kujipa jina wewe mwenyewe huonekana kuwa ni utovu wa adabu.

KUZAMISHA MIZOGA MAKUSUDI

Baada ya ugunduzi huo, wataalamu hawakutaka kungoja bahati tena. Nyangumi waliokufa na kutupwa ufuoni walikokotwa hadi baharini, wakafungiwa vyuma vizito na kuzamishwa katika vina mbalimbali, kuanzia mita 400 hivi.

Kila walipoirudia mizoga hiyo, walikuta minyoo ambayo hawajaiona. Kwa miaka mingi baadhi yao walijulikana kwa majina ya kupanga tu, kama vile “kola ya njano” na “kola ya machungwa”. Mwaka wa 2018, Rouse, Goffredi, Vrijenhoek na Shannon Johnson walitangaza aina 14 mpya kwa mkupuo mmoja, zote za California.

Baadhi zilipewa majina ya meli na vyombo vilivyozifikia: Osedax westernflyer, Osedax tiburon, Osedax ventana. Nyingine iliitwa Osedax jabba, kwa sababu mwili wake uliwakumbusha lile jitu nene lenye mkia, Jabba, katika sinema za Star Wars. Unaona kwamba wanasayansi nao hucheka.

Kwingineko kazi ilikuwa ikiendelea. Nchini Sweden, mzoga wa nyangumi mdogo ulizamishwa mwaka wa 2003 kwenye kina cha mita 125 tu. Hata huko minyoo wakaja. Adrian Glover wa jumba la makumbusho la London, Thomas Dahlgren na wenzao walimtangaza mwaka wa 2005 kwa jina Osedax mucofloris. Watoto watapenda tafsiri yake: ua la kamasi. Ukiona picha ya ule ute unaomzunguka hutaulizia sababu.

Huko Japani, kundi la nyangumi lilikwama ufuoni mwaka wa 2002 na kufa. Mizoga 12 ilizamishwa baharini kusini-magharibi mwa kisiwa cha Kyushu, na mwaka wa 2006 ikatangazwa Osedax japonicus. Hivi leo majina yaliyokwisha kutolewa ulimwenguni yamepita 25.

HATA NG'OMBE, HATA MAMBA

Je, mnyoo huyu hula nyangumi peke yake? Watafiti wa Monterey waliteremsha mifupa ya ng'ombe, ile ile unayoijua ya buchari. Mwaka wa 2008 walitangaza kwamba minyoo walikuwa wameikubali bila shida.

Lakini ng'ombe hafi baharini. Kwa hiyo wakajaribu mifupa ya samaki wakubwa, na mwaka wa 2011 jibu likawa lile lile. Anakula.

Jaribio lililovuma zaidi lilifanywa katika Ghuba ya Mexico mwaka wa 2019 na Craig McClain na wenzake. Walizamisha mizoga mitatu ya mamba wa Marekani penye kina cha mita 2,000 hivi. Wa kwanza alivamiwa na wadudu wakubwa wa baharini mfano wa jongoo bapa katika muda mfupi. Wa tatu alitoweka, ukabaki uzito aliofungiwa tu. Inadhaniwa alibebwa na papa. Wa pili, baada ya siku 51, alikuwa amebaki mifupa mitupu, na juu ya mifupa hiyo walikuwapo minyoo wa Osedax, wa kwanza kuonekana katika Ghuba hiyo.

WALIKUWAKO KABLA YA NYANGUMI

Jambo hilo la mamba lina maana kubwa kuliko linavyoonekana. Mwaka wa 2015 Silvia Danise na Nicholas Higgs, waliokuwa chuo kikuu cha Plymouth nchini Uingereza, walichunguza kwa picha za eksirei mifupa iliyogeuka mawe ya mnyama wa kale wa baharini aitwaye plesiosauri, mtambaazi mwenye shingo ndefu. Ndani yake walikuta matundu yenye umbo lile lile la mizizi ya Osedax.

Mfupa huo una umri wa miaka karibu milioni 100. Wakati huo hapakuwa na nyangumi hata mmoja duniani. Maana yake ni kwamba mnyoo huyu aliwatafuna watambaazi wakubwa wa baharini, na walipotoweka miaka milioni 66 iliyopita, akaendelea na mifupa ya kasa na samaki, mpaka nyangumi walipotokea.

Habari hiyo haiwafurahishi sana wachimbuaji wa mabaki ya kale. Mifupa mingi ambayo ingetueleza historia ya bahari huenda ililiwa zamani kabla haijageuka jiwe.

MELI ILIYOOKOKA

Watu wa pwani wanajua kwamba baharini si mifupa tu inayoliwa. Jahazi lisilopakwa deheni hutobolewa na viumbe walao mbao, na nahodha mzembe hujikuta akisafiri juu ya chujio.

Je, kule kwenye barafu ya Antaktika, nani anakula nini? Glover na wenzake walizamisha mbao pamoja na mifupa ya nyangumi na kuviacha kwa miezi 14. Walipovitoa, mifupa ilikuwa imejaa minyoo, wakiwamo wa aina mbili mpya. Mbao zilikuwa nzima kabisa! Nchi hiyo haijawa na miti kwa mamilioni ya miaka, na hivyo walao mbao hawana makao huko.

Wakiandika mwaka wa 2013, walisema kwamba meli za mbao zilizozama huko yamkini bado ni nzima, wakaitaja Endurance, meli ya mvumbuzi Ernest Shackleton iliyobanwa na barafu na kuzama mwaka wa 1915.

Mwezi wa Machi 2022, Endurance ilipatikana kwenye kina cha mita 3,008. Ilikuwa imesimama wima, na jina lake likisomeka nyuma. Mnyoo wa mifupa alikuwa amesaidia kutabiri hali ya meli.

KWA NINI TUJALI?

Hapa mzazi mmoja atauliza: “Yote haya yanatuletea ugali mezani?” Ni swali la haki, na lina jibu.

Katika karne ya 20, wavuvi wa kibiashara waliwaua karibu nyangumi milioni 3. Waliouawa hivyo hawakuzama na kutua chini kama kawaida. Walipandishwa melini na kugeuzwa mafuta na nyama. Kule kilindini ilikuwa kama kufunga masoko yote ya mji kwa miongo kadhaa. Uvuvi huo wa biashara ulipigwa marufuku na mataifa kuanzia mwaka wa 1986, na baadhi ya nyangumi wameongezeka tena. Lakini kiumbe aliyewategemea akatoweka kabla ya kupata jina, hakuna wa kumlilia. Hakuna hata wa kumwandika katika orodha ya waliopotea.

Hatari nyingine iko mbele yetu. Kampuni na serikali kadhaa zinataka kuchimba madini ya kobalti, nikeli na shaba yaliyotapakaa kama viazi juu ya sakafu ya Pasifiki, kati ya Hawaii na Mexico, kwa ajili ya betri na mitambo. Mwaka wa 2023 wataalamu, Glover akiwa mmoja wao, walikadiria kwamba eneo hilo lina aina za viumbe zipatazo 5,578, na kwamba karibu tisa katika kila kumi hazijapewa jina.

Sheria hulinda kitu kilicho na jina. Ukitaka kumzuia mtu asifyeke msitu, utaulizwa ndani yake mna nini. Ukijibu, “Mna vitu fulani,” kesi imekwisha. Ndiyo sababu yule mtu aliyeinama juu ya hadubini akihesabu nyuzi za manyoya ya mnyoo anafanya kazi ya maana kuliko inavyodhaniwa.

Nasi hatuko mbali na habari hizi. Kila mwaka, kati ya Julai na Septemba, nyangumi wa nundu hutoka kwenye maji baridi ya Antaktika na kupita Watamu na Kilifi, wakija kuzaa katika bahari yetu yenye joto. Watalii hulipa wapelekwe kwa mashua kuwatazama wakiruka. Nyangumi wale wale wanaotupa riziki wakiwa hai ndio wanaowalisha wenyeji wa kilindini wakifa. Na bahari yetu, ukitoka Mombasa ukielekea mashariki, hufikia vina vinavyopita mita 3,000.

Kwa hiyo mwanafunzi usomaye haya, usidhani kwamba kila kitu kimekwisha kugunduliwa na wazee wa ndevu nyeupe. Wanyama waliozulika maelfu kwa maelfu juu ya mfupa mmoja hawakuwa na jina mpaka mwaka wa 2004, na wengine wangali wakipewa majina. Kazi hiyo yataka biolojia na kemia, mkono usiotetemeka, na subira ya kuchonga mfupa kidogo kidogo bila kukata mzizi. Anza na ule wa kuku katika siki.